RTS,S au R21: chanjo mbili za malaria

Zote mbili humkabili kimelea mapema, mbu anapouma na kabla hakijaingia kwenye chembe nyekundu za damu. Zote hutumia kipande cha protini ileile ya kimelea hicho, na zote ni dozi nne kuanzia mtoto akiwa na miezi mitano hivi. Tofauti iko wapi basi?

RTS,S ya kampuni ya dawa ya GSK ina ushahidi mrefu zaidi. Kuanzia 2019 ilitolewa kwenye kliniki za kawaida za Ghana, Malawi na magharibi mwa Kenya. Vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa 13%. Kwangu hiyo ndiyo namba nzito kuliko zote, maana inahesabu watoto walio hai. WHO iliipitisha Oktoba 2021.

R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya chanjo ya Serum Institute ya India, ilifuata Oktoba 2023; Bagamoyo na Kilifi zilishiriki majaribio yake. Penye malaria ya msimu ilipunguza ugonjwa kwa takriban 75% ndani ya mwaka. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani imeishinda RTS,S. Sivyo: RTS,S nayo ikitolewa kabla ya msimu wa mvua hukaribia hapo hapo.

R21 inashinda kwa bei na wingi: dola 2 hadi 4 kwa dozi, na uwezo wa kuzalisha dozi milioni 100 kwa mwaka. Nchi inayoanza sasa ningeishauri R21. Mtoto aliyeanza na RTS,S amalizie hiyo hiyo, ikipatikana.