Soseji za kuku za pakiti: chumvi ambayo sikuitia

Pakiti ya soseji 10, gramu 400, nimeinunua duka la mtaani kwetu Tabata kwa shilingi 6,500. Zilikuwa za kontena la shule la Zuhura. Mama anayewahi daladala alfajiri anajua kwa nini: dakika tano zimeiva, na kontena linarudi tupu.

Jumamosi mama mkwe, anayeishi nasi na anatumia dawa za presha, alionja kipande akaniuliza, "Mama Zuhura, hii umeitia chumvi mara ngapi?"

"Sijatia hata chembe, mama."

Nikaitoa pakiti kwenye friza, nikaifuta barafu kwa kidole gumba. Maandishi yamejibana nyuma, kwenye mkunjo, mpaka nikayapiga picha kwa simu nikayakuza. Kuku, maji, wanga, protini ya soya, fosfeti, nitraiti ya sodiamu. Sodiamu miligramu 880 kwa kila gramu 100. Hapo ndipo wengi tunapitwa, maana sodiamu ni sehemu tu ya chumvi; ili uipate chumvi yenyewe lazima uizidishe mara 2.5. Soseji mbili za Zuhura, gramu 80, zina karibu gramu 1.8 za chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na mwanangu ana miaka saba.

Tena mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa WHO waliziweka nyama za kusindika, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani: gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mimi nilikuwa nampa 80, siku tano kwa wiki.

Mbele ya pakiti kuna nini? Katuni ya kifaranga anacheka. Chile, tangu 2016, chakula kilichozidi chumvi hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele, katuni haziruhusiwi, na shuleni hakiuzwi. Nalitaka hilo hapa kwetu, nalitaka kweli. Dukani nani ana muda wa kukuza picha?

Ladha nzuri, sikatai. Ila ukiikata ndani ni laini tupu kama unga uliokandwa, huoni uzi wa nyama.

Nyota 2 kati ya 5. Sasa nachemsha mayai na viazi vitamu usiku. Kwa hela ileile napata mayai kama 15. Zuhura alinuna siku mbili, ya tatu akaomba nimwekee na kachumbari.