Ukumbi wa mazoezi unaofunguliwa alfajiri

Kwa miezi mitatu nimefanya mazoezi katika ukumbi mmoja wa Mwenge, Dar es Salaam, unaofunguliwa saa 11 alfajiri, na kilichonivutia ni saa hiyo kuliko mashine zake, kwa kuwa mtu anayetoka kazini jioni na kukwama kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo hufika nyumbani akiwa hana nguvu hata ya kufunga kamba za viatu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi huzipata kwa siku tano za nusu saa, kisha naoga na kuwahi kazini. Mwalimu huanza kwa kutunyoosha viungo taratibu, akipita kwa kila mmoja na kumweka mgongo sawa anapochuchumaa, jambo ambalo mgeni wa mazoezi analihitaji kuliko chuma chochote cha kunyanyua. Kasoro ipo: mabafu ni mawili tu, na ifikapo saa 12 na nusu tunajipanga mlangoni taulo zikiwa mabegani, hivyo dakika tulizookoa barabarani hupotelea hapo. Nimewaomba waongeze la tatu, na ada ya mwezi ujao nimeshalipa.