Bastola fupi, risasi ipi? Mwongozo wa mnunuzi wa Dar

Wamiliki wengi wa bastola ndogo hapa mjini hununua risasi kama wanavyonunua betri za rimoti: anataja saizi, anapewa boksi, anaondoka. Kwa bastola kubwa unaweza kuponea hapo. Kwa ile ya kuficha kiunoni, yenye mtutu wa sentimita 8 au 9, boksi lolote tu halifai.

Mtutu ndio unaoipa risasi kasi. Baruti huhitaji nafasi ya kuwaka wakati risasi bado iko ndani, ikisukumwa. Mtutu ukiwa mfupi, sehemu ya baruti huwakia nje, nawe unaambulia mwanga wa kupofusha usiku, mshindo wa kuziba masikio, na risasi iliyopungukiwa mwendo. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114, Glock 26 milimita 87 tu, na SIG P365 iko chini ya hapo. Namba ya kasi iliyochapwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa kwenye mtutu wa inchi 4 au zaidi, kwa hiyo ukiwa na kafupi, toa kidogo kwenye ahadi hiyo.

Kabla ya kuzipanga risasi, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, hakikisha unazungumzia risasi ya bastola yako, maana hapa ndipo watu wanapoumia. "Naomba za tisa" haitoshi. Ziko tisa tatu utakazokutana nazo sana; namba ya kwanza ni unene wa kichwa, ya pili ni urefu wa ganda, kwa milimita. Ya 9x19, iitwayo pia Parabellum au Luger, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiyo ya bastola nyingi za kisasa. Ya 9x17 ni fupi na ya nguvu ndogo. Boksi lake huandikwa .380 Auto, 9 mm Kurz, 9 mm Corto au 9 mm Browning Short, majina manne kwa kitu kimoja. Halafu kuna 9x18 ya Makarov, ambayo kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, ni kinene kuliko wenzake, karibu milimita 9.27, wakati wale wawili wako milimita 9 na ushee. Usizichanganye hata kama moja inaonekana kuingia. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, soma maandishi ya kitako cha ganda, yalingane. Muuzaji akisema "hii ni ile ile, bosi", rudisha boksi.

Na leseni? Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 unanunua kwa muuzaji mwenye kibali, kwa silaha iliyo kwenye leseni yako. Kama unawazia risasi za kichwa chenye shimo kwenye ncha, muulize kwanza ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni za silaha kuhusu aina na kiasi unachoruhusiwa, ndipo uende dukani.

Sasa orodha. Naizungumzia 9x19, kwa mtu anayeweka bastola kwa ajili ya kujilinda nyumbani au dukani, si kwa mashindano ya shabaha. Uzito wa kichwa huandikwa kwa graini, kifupi chake "gr": 115 ni gramu 7.5 hivi, 124 ni gramu 8, 147 ni gramu 9.5.

Namba moja naipa 124 yenye kichwa cha shimo kilichotengenezwa kwa mitutu mifupi. Speer wana Gold Dot ya namna hiyo, na imeandikwa wazi kwenye boksi. Kichwa cha shimo hufanya kazi kwa kupanuka kinapogonga, na kupanuka kunataka kasi. Kile cha kawaida, kikitoka kwenye mtutu mfupi, kinaweza kukataa kufunguka kikapita kama msumari. Watengenezaji wa risasi za mitutu mifupi hulainisha kichwa kifunguke kwa kasi ndogo, na huchagua baruti inayowaka upesi, hivyo hata mwanga unapungua. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kilichotokana na mapambano ya maofisa wake na majambazi huko Miami 1986, ambapo risasi aliyopiga ofisa mmoja iliishia kabla ya kufika mahali pa maana: risasi iingie kwenye jelatini, bonge laini linaloiga nyama ya mwili, kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Chini ya hapo ni haba, juu ya hapo inatafuta mtu mwingine.

Na Dar huyo mtu mwingine hayuko mbali. Fikiria chumba cha Sinza au Tandika, jirani yuko upande wa pili wa ukuta, au fremu ya Kariakoo iliyogawanywa kwa jipsamu. Risasi yenye gamba zima la shaba, yaani kichwa kisicho na shimo kilichofunikwa shaba, hupita kwenye mlango wa mbao, kizigeu cha jipsamu na geti la bati bila kuhangaika. Kichwa cha shimo nacho hupita kwenye jipsamu, mtu asidanganywe, kwa sababu shimo likijaa vumbi la jipsamu hakifunguki tena. Faida yake iko kwenye ile iliyopata ilikolengwa: haitoki upande wa pili kwa urahisi. Ile iliyokosa shabaha ni hatari, iwe ya aina yoyote.

Namba mbili, 147 yenye shimo, mfano Federal HST. Ni nzito na ya polepole, na imebuniwa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo mtutu mfupi hauipunguzii sana. Kwa mkono wangu ni tulivu kuliko nyepesi: inasukuma badala ya kupiga teke. Naiweka ya pili kwa sababu bastola ndogo nyingine hazipendi kichwa kirefu namna ile.

Namba tatu itawaudhi wengi: 124 ya kawaida, kichwa cha mviringo chenye gamba zima. Haifunguki, na inapita mbali kuliko tunavyotaka. Lakini inaingia vizuri chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu kabla ya kupigwa. Bastola iliyokwama mkononi ni chuma tu, na ikiwa duka lina kichwa cha shimo usichokijua cha boksi moja la mwisho, chukua hii ya mviringo. Kichwa cha shimo nakipa nafasi ya juu kwa sharti kwamba umeshakipiga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, magazini kadhaa, kwa bastola hiyo hiyo, bila kukwama hata mara moja. Kama bei au kibali havikuruhusu kufanya jaribio hilo, namba tatu yako inakuwa namba moja.

Namba nne, 115 ya gamba zima. Ya mazoezi. Nunua, piga, basi.

Namba tano ni zile zenye alama ya +P, zenye mgandamizo wa juu kwa takriban asilimia 10. Kwenye bastola nyepesi unapata teke zaidi na moto zaidi, na risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha. Baadhi ya zile za mitutu mifupi nazo ni +P, kwa hiyo soma boksi na soma kitabu cha bastola. Bastola nyingine hazikutengenezwa kwa hizo.

Wenye .380, kama Walther PPK, ninyi sogeeni moja kwa moja kwenye gamba zima. Nguvu ni ndogo mno kulipia kufunguka na kwenda kina kwa pamoja.

Za kujazwa upya na zile za kuuzwa moja moja kwenye mfuko sizipi nafasi yoyote. Taka boksi la kiwandani lenye namba ya toleo. Angalia kitako: fataki, kile kiduara cha katikati kinachowasha baruti, isiwe imezama wala kuchomoza, ganda lisiwe na ukijani. Ukijani huo ndio ugonjwa wa mji huu, hasa kwa wanaokaa Msasani au Kigamboni kwenye upepo wa chumvi. Usiache risasi kwenye mkoba wa ngozi, maana dawa za ngozi na jasho hula shaba. Usizipake mafuta pia, yanapenya hadi kwenye fataki na kuizima. Kasha linalofungwa kwa ufunguo, mbali na watoto, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vinatosha.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotoa risasi chemba kila usiku na kuirudisha ile ile asubuhi. Kila inapogongwa kuingia, kichwa chake kinaweza kusogea ndani ya ganda kidogo kidogo, na kikizama mgandamizo hupanda kupita kiasi. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha mezani. Iliyofupika usiipige, ipeleke kwa polisi au kwa muuzaji aliyekuuzia.