Tahadhari: rimu “za magnesi, kilo 4.6” zinazouzwa Nairobi ni alumini nzito, na baadhi zimelehemiwa nyufa

Wenzangu mnaotayarisha magari kwa ajili ya mbio za dragi (za mstari mnyoofu), hasa nyinyi wenye Subaru na Toyota za boliti tano, tafadhali msitume pesa kwa yeyote anayetangaza rimu “za magnesi, za kufuliwa, kilo 4.6” (magnesi ni metali nyepesi kuliko alumini) kabla ya kusoma yaliyonipata. Mwezi uliopita nilimlipa muuzaji mmoja wa hapa Nairobi shilingi 140,000 kwa seti ya rimu nne za inchi 16. Zilizonifikia ni nzito kuliko rimu za kiwandani nilizotaka kuziondoa, na mbili kati yake zimewahi kupasuka, zikalehemiwa, zikasawazishwa kwa filla (lipu ya kuzibia mabonde ya bodi) na kupakwa rangi. Jina lake silitaji, kwa kuwa nimekwisha kupiga ripoti polisi na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) ninayo, lakini nitaieleza bidhaa na mbinu yake kwa urefu wa kutosha mtu kuitambua akikutana nayo.

Gari langu ni Impreza WRX ya umbo la GC8, ambayo boliti zake tano zimepangwa kwenye duara la milimita 100, na kwa mwenye gari la namna hiyo rimu inayotamaniwa kuliko zote ni TE37 ya kampuni ya RAYS ya Japani. Ilitoka mwaka 1996, na hiyo 37 ya jina lake inatokana na kilo 3.7, uzito wa rimu moja ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6. Wepesi huo unatokana na kufuliwa: bonge la alumini hugandamizwa kwa shinikizo kubwa mno hadi metali ishikamane vizuri, kwa hiyo spoki inaweza kuwa nyembamba na bado ikahimili mzigo. Rimu za kawaida ni za kusubu, yaani metali iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu, na ndani yake huweza kubaki vijitundu vinavyomlazimu mtengenezaji kuongeza unene ili rimu iwe salama. (Fundi wangu, kila nikitamka neno “kufuliwa”, huuliza zilifuliwa kwa sabuni gani. Mzaha huo sasa unaniuma zaidi kuliko zamani.)

Kwa sababu TE37 halisi ni ghali, umbo lake la spoki sita limeigwa kote duniani, na mwigo wenyewe si lazima uwe hatari, mradi unauzwa kama mwigo na kwa bei ya mwigo. Muuzaji huyu alisema zake ni za Japani, zimetumika kidogo, tena ni toleo la magnesi. Alinitumia picha ya rimu ikiwa juu ya mizani ya kupimia watu, mshale ukiwa kwenye 4.6. Nilipoitazama tena baada ya kuumia ndipo nilipoona kwamba rimu haikulazwa juu ya mizani, bali imesimamishwa, na ukingo wake wa juu umeegemea ukuta. Kitu kilichoegemea ukuta hugawa uzito wake, sehemu ikabebwa na ukuta, na mizani ikasoma kile kilichobaki tu. Picha ilikuwa imekatwa vizuri upande huo, lakini kivuli kilisahauliwa.

Ahadi yake ya pili ilikuwa kwamba rimu hizo zingenipunguzia nusu sekunde katika mita 402, yaani robo maili. Hapa nikiri kwamba hesabu ningeweza kuifanya kabla ya kulipa, nikaacha kwa sababu ya tamaa. Rimu zangu za kiwandani za inchi 15 zina kilo 7.2 kila moja. Kama mpya zingekuwa kweli na kilo 4.6, ningeokoa kilo 2.6 kwa gurudumu, jumla kilo 10.4. Ni kweli kwamba uzito unaozunguka hudai nguvu mara mbili, kwanza kusogezwa mbele pamoja na gari na pili kuzungushwa, lakini hata tukichukulia kwamba uzito wote uko pembeni kabisa mwa gurudumu, ambako athari hiyo hufikia maradufu, faida haizidi ile ya kutoa kilo 21 ndani ya gari. Gari langu lina takriban kilo 1,270, kwa hiyo tunazungumzia chini ya asilimia 2 ya uzito. Na kwa kuwa muda wa robo maili hufuata mzizi wa tatu wa uwiano wa uzito na nguvu, punguzo ni kama nusu asilimia. Kwa gari linalokimbia sekunde 14, hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tairi la spea, jeki, na lita 25 za petroli usizozihitaji vinazidi kilo hizo, na kuvitoa hakugharimu hata senti. Anayekuahidi nusu sekunde kutokana na rimu peke yake ama hajui anachouza au anajua vyema kwamba wewe hujui.

Nilituma pesa kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi, kwa maelezo kwamba till yake (nambari ya malipo ya biashara) “ina shida kidogo leo”. Rimu zikaletwa na mwendesha boda, zimefungwa kwa plastiki nyeusi. Nilipoinyanyua ya kwanza mkono uliniambia ukweli kabla ya mizani, ila nilijifariji kwamba labda ni uchovu wa jioni. Kesho yake nikaenda nayo gereji, tukaitundika kwenye mizani ya ndoano: kilo 8.1. Nne zote zilikuwa kati ya 8.0 na 8.3.

Alipopigiwa simu alijibu kwa upole sana, “Bosi, magnesi ya zamani huwa nzito kidogo, lakini ni magnesi.” Hilo ni dai linaloweza kujaribiwa kwa pipa la maji, na ninalieleza kwa sababu kila gereji ina vifaa vyake. Pima rimu tupu, isiyo na tairi wala vyuma vya kusawazisha, ikiwa hewani. Kisha, ingali imening'inia kwenye ndoano ile ile, izamishe yote majini bila kugusa pipa, itikise mapovu yatoke, na usome tena. Yangu ilikuwa 8.1 hewani na 5.1 majini. Tofauti ya kilo 3 ina maana kwamba imesukuma lita 3 za maji, na kilo 8.1 kwa lita 3 ni kilo 2.7 kwa lita, ambayo ndiyo alumini hasa. Magnesi ina kama kilo 1.74 kwa lita. Rimu ya magnesi yenye uzito ule ingesukuma zaidi ya lita 4.5, na mizani ingesoma karibu 3.5 majini. Nilimtumia video ya jaribio hilo. Aliitazama, na tangu hapo simu yake haipokelewi.

Kama ingekuwa uzito tu, ningeandika aya mbili na kunyamaza. Lakini fundi, alipokuwa akizikausha, alipitisha ukucha nyuma ya spoki moja akasema rangi hii ina mgongo. Tukapaka thina kwenye kitambaa na kusugua. Rangi ya shaba ikatoka kwanza, kisha kijivu, kisha filla ya bodi ikaanza kung'oka vipande vipande kama ganda la yai, na chini yake mkawa na mstari wa kulehemu wenye urefu wa kidole, uliosagwa kwa grainda ukawa bapa, ukianzia mahali spoki inapokutana na duara la nje. Rimu ya pili ilikuwa na mistari miwili. Alumini ya rimu hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupoozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, na joto la kulehemu huiharibu nguvu hiyo pale pale kando ya mshono, hivyo eneo lililotengenezwa hubaki laini kuliko lilivyokuwa kabla ya ufa. Sasa fikiria gari la tabo linaloendesha magurudumu yote manne, injini inazunguka kwa kasi ya juu, klachi inaachiwa kwa ghafla, na nguvu yote hiyo inapita kutoka kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) hadi kwenye tairi kupitia spoki ile. Rimu ikiachia hapo kwenye mstari wa kuanzia utapata hasara. Ikiachia karibu na mwisho, kwenye kilomita 150 kwa saa, watazamaji wetu tunajua husimama umbali gani.

Alama nazo zisikudanganye. JWL ni tamko la mtengenezaji kwamba rimu imefikia viwango vya serikali ya Japani kwa magari ya abiria, na VIA huonyesha kwamba imepimwa na kusajiliwa huko na chombo kingine. Zangu zina zote mbili. Isipokuwa herufi zake zimechongwa kwa mkono juu ya rangi mpya, na ndani ya mifereji ya herufi metali inang'aa tupu, J ikiwa imelala kidogo. Alama ya kiwandani huwekwa kabla rimu haijapakwa rangi.

Pia alinipa nati “za bure”. Subaru hutumia boliti za milimita 12 zenye hatua ya uzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.25, na nati zile ni za hatua ya 1.5, ambazo ni za Toyota; huanza kuingia vizuri mizunguko miwili, kisha hukwama, na anayelazimisha kwa spana ya hewa huua boliti. Kanuni za NHRA, shirika la dragi la Marekani lililoundwa mwaka 1951, hutaka uzi wa boliti uingie ndani ya nati kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Kwa boliti zetu hiyo ni karibu mizunguko kumi ya mkono kabla ya spana. Tundu la katikati la rimu lilikuwa milimita 73.1, ilhali habu ya Subaru ni 56.1. Hilo si kosa kwa rimu za kununua nje ya kiwanda, ila pete za kujazia huhitajika, na yeye hakuzitaja.

Kijana mmoja wa Kiambu amenieleza kwamba muuzaji huyo huyo alitaka kumuuzia rimu nyembamba za upana wa inchi 3.5, azifunge mbele kwenye Honda. Rimu hizo zipo na ni halali, lakini ni za magurudumu ya mbele ya magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye Honda inayovutwa na magurudumu ya mbele ni kujitafutia maafa.

Ukilazimika kununua za mtumba, nenda mwenyewe na mizani ya ndoano na chupa ya thina, na mwombe muuzaji akuruhusu kusugua nyuma ya spoki mbili tatu pale pale. Anayekataa thina amekwisha kukujibu. Lipa kwenye till yenye jina la biashara, baada ya kupima, si kabla. Habari za amana kwa mzigo “ulioko bandarini Mombasa” zikatae moja kwa moja.

Rimu mbili zilizolehemiwa nimezikata kwa grainda ili zisirudi sokoni, baada ya kuzipiga picha kwa ajili ya polisi. Nyingine mbili zimehifadhiwa kama ushahidi. Tangu Jumatatu kuna tangazo jipya lenye jina jingine na nambari nyingine, shilingi 120,000, boliti tano kwenye milimita 114.3 safari hii. Sakafu kwenye picha ni ile ile ya vigae vya kijani, kimoja kimevunjika pembe, na mizani iko pale pale karibu na ukuta, mshale kwenye 4.6.