Shimo la kunyonya au mtaro wa kunyonya: Kigoma Ujiji

Ramani ya nyumba unayopeleka manispaa kuombea kibali cha ujenzi ionyeshe pia karo, yaani tangi la majitaka ya choo, na mahali maji yake yanapoishia. Kwenye karo lenyewe ubishi ni mdogo: vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya ujazo. Kazi iko kwenye kunyonya, yaani pale maji yanayotoka kwenye karo yanapozama ardhini: kwa shimo au kwa mtaro.

Shimo hula eneo dogo, na mafundi wamelizoea. Viwanja vya mwinuko linafaa. Ukishuka karibu na ziwa, maji ya ardhini yako juu. Shimo la mita 3 linajaa masika, na choo kinarudisha. Kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Hapo mtaro ndio wenyewe: kina sentimita 70 hivi, bomba la inchi 4 lenye matundu juu ya kokoto, mteremko kidogo sana. Unataka nafasi, na gari lisipite juu yake.

Kabla ya kuchora, chimba kishimo, kilowanishe usiku kucha, kijaze tena, pima maji yanavyoshuka, ujue udongo unavyonyonya. Kisima kiwe mita 30 mbali na shimo au mtaro, cha jirani pia; hapo ramani inaweza kukwama.