Mnara wa majina au mfuko wa watoto wao?

Halmashauri ikitaka kuwaenzi askari polisi waliofia kazini, hapa Mtwara mjadala huwa uleule: mnara au mfuko wa masomo?

Mnara hujengwa mara moja na jina hubaki. Mjane hupitisha kidole juu ya herufi, taratibu, moja baada ya nyingine. Mfano tunao Naliendele, walikozikwa wanajeshi wetu waliofia ukombozi wa Msumbiji. Ila chumvi ya bahari hula chuma, na rangi isiyotengewa bajeti hubanduka.

Mfuko hudai fedha kila mwaka. Ada ya sekondari za serikali imefutwa, lakini sare, madaftari na chuo bado ni mzigo.

Marehemu kaacha watoto wadogo? Mfuko kwanza. Wameshajitegemea? Jina lichongwe kwenye jiwe, si bati.