Gegedu, ubavu au silikoni: cha kuchagua unaporekebisha pua

Pua iliyovunjika kwenye ajali ya bodaboda ikabonyea katikati, au iliyoharibika baada ya upasuaji wa kwanza, mara nyingi haisimami tena bila kuwekewa kitu cha kuishikilia. Kitu hicho utakaa nacho usoni miaka yote, kwa hiyo kiulizie kabla ya kuulizia bei. Mimi naanza na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Vya kiwandani navipeleka mwisho.

Nafasi ya kwanza ni gegedu (ile tishu ngumu inayonyumbulika, kama ya sikioni) la ukuta unaotenganisha matundu ya pua. Limenyooka, lina ugumu wa kutosha, na hutolewa humohumo puani, hivyo hupati kovu jingine. Daktari lazima abakize ukanda wa angalau sentimita 1 juu na mbele, la sivyo pua itaporomoka. Tatizo ni kwamba walioumia vibaya au waliokwisha kupasuliwa mara nyingi hawana la kutosha. Daktari makini halingojei hilo hadi chumba cha upasuaji: huingiza kijiti cha pamba na kuugusagusa ukuta, na panapobonyea kwa ulaini anajua gegedu limekwisha.

Hapo naupa ubavu nafasi ya pili, kwa kawaida wa 6 au wa 7. Una gegedu tele na imara, linaloweza kuinua mgongo mzima wa pua. Ila kifua kitauma siku kadhaa, upasuaji utachukua muda zaidi, na ipo hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Pia gegedu hilo hupinda. Ndiyo maana wapasuaji wengi wazoefu hulichonga vipande, wakaviloweka kwenye maji ya chumvi na kusubiri waone vinapindia wapi kabla ya kuvishona. Kama umri umesogea, uliza kuhusu CT (picha ya kina ya eksirei) ya kifua, maana gegedu la ubavu huanza kugeuka mfupa.

Sikio ni la tatu. Gegedu lake ni laini na limejikunja: zuri kwa ncha na mabawa ya pua, dhaifu kwa mgongo.

Kama wewe au ndugu zako mna keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, sema mapema hata usipoulizwa. Masikio na kifua ndipo zinapopenda kuota.

Ubavu wa marehemu uliopigwa mionzi hukuepusha na kidonda cha kifua, lakini unaweza kuyeyuka taratibu mwilini.

Silikoni ni rahisi kuchonga, na Asia ya Mashariki hutumika sana kuinua pua ambazo hazijaumia. Lakini tishu haziingii ndani yake, na inaweza kupata maambukizi au kutoboa ngozi hata baada ya miaka. Polietilini yenye vitundu, aina ya plastiki, hushikwa na tishu barabara, na kwa sababu hiyohiyo kuitoa ikiambukizwa ni kazi ngumu. Kwa pua yenye makovu na ngozi nyembamba, nisingekubali mojawapo maadamu ubavu upo. Ukiwekewa hata hivyo, dai stika yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo ibandikwe kwenye faili, nawe ubaki na nakala.